Atiaye jina lake awe tayari kujibu

Mwaka jana mhariri wa jarida moja la kitaaluma aliniletea makala, akaniomba niyasome na kutoa uamuzi iwapo yalistahili kuchapishwa. Kwa wanafunzi ambao huenda hawaujui utaratibu huu, makala ya kitaaluma hayachapishwi kabla ya kupitiwa na wasomi wengine wa taaluma hiyo, na mara nyingi hupelekwa kwao bila ya jina la mwandishi ili pasiwe na upendeleo wala chuki. Makala niliyopokea yalihusu ushairi wa Kiswahili wa pwani. Lugha yake ilikuwa safi na hoja zilifuatana barabara, nami nilianza kufurahi kwamba bado tunao watafiti wanaoijali fasihi yetu.

Nilipofika kwenye orodha ya marejeleo, niliduwaa. Palikuwa na jina langu. Kando ya jina hilo palitajwa makala ambayo, kwa mujibu wa mwandishi, niliyachapisha mwaka wa 2011, pamoja na nambari ya toleo la jarida na kurasa zake. Kichwa chake kilipendeza, tena kilikuwa cha aina ambayo ningeweza kuichagua mwenyewe. Taabu ilikuwa moja tu: sikupata kuyaandika makala hayo. Kwa kuwa umri nao hula kumbukumbu, niliinuka nikalitoa toleo lile kabatini. Katika kurasa zilizotajwa palikuwa na makala ya msomi mwingine kuhusu vitenzi vya Kiswahili. Nikaendelea kukagua. Kati ya marejeleo 22, matano hayakuwako popote duniani.

Sikuhitaji mpiga ramli kunieleza yalikotoka. Mashine za akili unde, au akili mnemba kama waiitavyo wengine, zilienea miongoni mwa umma tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi wa Novemba 2022. Mashine hizi hazifanyi kazi kama mkutubi anayekwenda kwenye rafu kukuletea kitabu ulichoomba. Zimelishwa maandishi mengi mno, na kutokana nayo zimejifunza kukisia ni neno gani laelekea kulifuata jingine. Ukiziomba marejeleo, hukupa kitu chenye sura ya marejeleo: jina la msomi anayejulikana, mwaka unaowezekana, kichwa kinachovutia. Siku hizi nyingine hupekua intaneti kabla ya kujibu, na hilo hupunguza makosa, lakini haliyamalizi. Katika Kiswahili hatari ni kubwa zaidi, maana sehemu kubwa ya utafiti wetu imo katika majarida ya karatasi na tasnifu zilizohifadhiwa katika maktaba za vyuo. Penye pengo, mashine hujaza kwa kukisia.

Tusidhani kuwa aibu hii ni yetu peke yetu. Mwezi wa Juni 2023, mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 baada ya wao kuwasilisha mbele ya jaji kesi za zamani ambazo hazikupata kuwako, zilizobuniwa na ChatGPT. Februari 2024, jarida la Frontiers in Cell and Developmental Biology lilichapisha picha ya panya mwenye viungo vya uzazi vikubwa kupita kiasi, vilivyoandikiwa maneno yasiyo na maana katika lugha yoyote. Siku tatu baadaye makala hayo yalifutwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba waandishi wake hawakuficha kitu. Walikuwa wametangaza ndani ya makala yenyewe kwamba picha zilitengenezwa kwa programu iitwayo Midjourney. Walitangaza, lakini hawakukagua.

Nalitaja hilo kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba kukiri kunatosha. Ni kweli kwamba mficha uchi hazai, na mtafiti aliyetumia mashine hana budi kusema ameitumia wapi na kwa kazi gani. Jarida la Science, ambalo mwanzoni mwa 2023 lilipiga marufuku kabisa maandishi ya mashine, lililegeza msimamo wake mwezi wa Novemba mwaka huo na kuyaruhusu mradi yatangazwe. Hata hivyo, kuna sharti ambalo halikulegezwa. Mwezi wa Januari 2023 jarida la Nature lilikataa mashine kuorodheshwa kuwa mwandishi, na mwezi uliofuata Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, ijulikanayo kwa kifupi kama COPE, ikashikilia vivyo hivyo. Sababu yao ni nyepesi kueleweka hata kwa mtoto wa shule: mwandishi ni mtu anayeweza kuulizwa akajibu. Mashine haiwezi kuitwa, haiwezi kuona haya, wala haiwezi kufutwa kazi.

Sisi Wakenya tungepaswa kuwa wa kwanza kulifahamu jambo hili. Kwa miaka mingi vijana wetu waliosoma wamejipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Yule aliyeandika hakutia jina, na yule aliyetia jina hakuweza kueleza kilichoandikwa. Akili unde imeirahisisha biashara hiyo ya kale, haikuianzisha.

Je, tuipige marufuku? La hasha. Msomi wa Kenya aliyekulia katika lugha ya mama, akasomea Kiswahili, kisha akatakiwa kuchapisha kwa Kiingereza, hatendi dhambi akiomba msaada wa kunyoosha sarufi. Tena nawaonya walimu wenzangu dhidi ya zile programu zinazodai kunusa maandishi ya mashine. Mwaka wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za namna hiyo kwa insha 91 zilizoandikwa kwa Kiingereza na watu ambao si lugha yao ya kuzaliwa. Kwa wastani, programu hizo zilizitaja zaidi ya nusu ya insha hizo kuwa kazi ya mashine. Kampuni ya OpenAI yenyewe, iliyounda ChatGPT, iliiondoa programu yake ya kutambua mwezi wa Julai mwaka huo kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Basi mwalimu ukimshuku mwanafunzi, usimhukumu kwa asilimia iliyotokea kwenye skrini. Mwite ofisini, mketishe, umwulize: hoja hii uliipataje? Kitabu hiki ulikisoma wapi? Aliyeandika atajibu, hata kwa kusitasita. Asiyeandika hatafika mbali, kwani njia ya mwongo ni fupi.

Nasi tunaohakiki tujichunge. Nakiri kwamba siku ile, kwa kuwa nilikuwa na kazi nyingi, nilishawishika kuitupia mashine makala yale inifupishie. Nikajizuia. Kazi ya mtu ambayo haijachapishwa ni amana, na amana haipelekwi mahali usipojua itahifadhiwaje. Zaidi ya hayo, kama mashine ingenisomea, jina langu katika orodha ile nisingelikuta.

Vyuo vyetu pia vina lawama yao. Maadamu tunawapandisha watu vyeo kwa kuhesabu makala badala ya kuyasoma, tutavuna tulichopanda. Mwaka wa 2023 pekee, zaidi ya makala 10,000 ya kitaaluma yalifutwa duniani, mengi yakiwa kazi ya viwanda vya kuuza makala bandia.

Turudi kwa mwandishi wangu. Sikumwomba mhariri ayatupe makala yake. Niliomba mwandishi alete nakala ya kila kazi aliyoitaja, na yangu ikiwemo. Baada ya majuma mawili nilijulishwa kwamba ameyaondoa makala bila ya kusema neno. Sikufurahi. Sehemu ya pili ya makala yale ilichambua mashairi ambayo mwandishi aliyakusanya mwenyewe kwa wazee, akayanakili kwa mkono, akaeleza kila neno gumu kwa ufasaha ambao hakuna mashine ingeweza kumpa. Sehemu hiyo ilikuwa hazina. Aliitia doa kwa marejeleo matano ambayo hakuyahitaji hata kidogo.

Kama anayasoma haya, namsihi arudi. Aiache orodha ile, ayalete mashairi, na atie jina lake.