Madhara ya Awali Baada ya Upasuaji wa Njia ya Haja Kubwa

Upasuaji wa bawasiri, fistula au mpasuko wa njia ya haja kubwa huchukua muda mfupi, na wagonjwa wengi huruhusiwa siku hiyo hiyo au inayofuata. Hivyo madhara kadhaa ya awali hujitokeza mgonjwa akiwa nyumbani, ambako aibu huweza kumchelewesha kutafuta msaada.

Maumivu hutarajiwa, kwani ngozi ya eneo hilo ina mishipa mingi ya fahamu. Huwa makali siku za mwanzo, hasa wakati wa haja, kisha hupungua. Dawa za maumivu zitumike kwa saa zilizopangwa, pasipo kusubiri maumivu yapande. Kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15 hulegeza misuli. Anayejizuia kwenda haja kwa hofu hupata choo kigumu kinachozidisha maumivu. Maji ya kutosha, mboga, matunda na dawa ya kulainisha choo humkinga.

Kushindwa kukojoa hutokea zaidi ndani ya saa 24 za kwanza. Husababishwa na maumivu, ganzi ya mgongoni au dripu nyingi. Muuguzi ahakikishe mgonjwa amekojoa kabla ya kuruhusiwa. Kibofu kikijaa, mkojo hutolewa kwa mpira.

Matone machache ya damu baada ya haja si ya kutisha. Damu inayotiririka au yenye mabonge humrudisha mgonjwa hospitalini mara moja. Huweza kutoka saa za mwanzo, mshipa usipofungwa barabara, au ghafla kati ya siku ya 7 na ya 14, wakati mgonjwa anadhani amekwisha kupona. Ni muhimu aelezwe hilo mapema.

Maambukizi makali ni nadra, lakini huweza kuua. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa na kushindwa kukojoa vikiandamana ni dharura, hata kama kidonda kinaonekana salama kwa nje. Mgonjwa huyo asipewe vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani: apewe antibiotiki kwa sindano na aonwe na daktari wa upasuaji bila kuchelewa. Mwenye kisukari au upungufu wa kinga afuatiliwe kwa karibu zaidi.