Habari za Tufani kutoka Majumbani

Tufani ya Bahari ya Atlantiki, ambayo ni jamii moja na ile iliyoangusha mikarafuu ya Unguja mwezi wa Aprili 1872, hufuatwa na ndege na setilaiti mpaka ifikapo pwani. Lakini vyombo hivyo havielezi barabara hali ilivyo katika kila mji. Ndiyo sababu wenyeji wenye leseni ya mitambo ya redio nyumbani kwao huwa na kazi kubwa, nao huifanya bila mshahara. Chama chao kilianza mwaka 1965, wakati wa tufani iliyoitwa Betsy.

Mwenyeji hutaja mahali alipo, upepo unakotoka na kasi yake, na kiasi kinachoonyeshwa na kipimahewa. Yampasa aseme pia kama amepima kwa chombo au amekisia tu, maana mtu aliyeshikwa na hofu aghalabu hukisia kupita kiasi. Habari zake hupelekwa Miami, katika kituo cha serikali ya Marekani cha kuchungua tufani.

Habari yenye thamani kuliko zote pengine ni ya utulivu. Jicho la tufani likipita juu ya mji, upepo hukoma, hata nyota huweza kuonekana, na wasiojua hutoka nje kutazama mapaa yao. Kumbe wakati huo ndipo kipimahewa kimeshuka kabisa. Baada ya muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja, upepo hurudi kwa ghafula kutoka upande wa pili. Mwenyeji akitaja saa ulipoanza utulivu huo, wataalamu wa Miami hujua jicho liko wapi, na walio mbele ya njia yake huonywa wasitoke.