Fahamu: Panya buku wa Morogoro wanavyonusa kifua kikuu

Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mafunzo huanza panya akiwa mdogo na huchukua miezi kadhaa.

Sampuli hutoka kwenye vituo vya afya, zikiwa tayari zimepimwa huko kwa hadubini. Hupashwa moto kwanza ili kuua bakteria, kisha hupangwa chini ya kizimba cha kioo chenye matundu. Panya hupita tundu baada ya tundu. Akikuta harufu anayoijua, hutulia hapo kwa sekunde chache na kukwaruza; mlio mfupi husikika, naye hupewa uji wa ndizi. Sampuli 100 humchukua kama dakika 20.

Panya hatoi majibu ya mwisho. Sampuli aliyoitilia shaka, ambayo hadubini haikuonyesha ugonjwa, hurudiwa maabara, na ikithibitika, mgonjwa hutafutwa aanze dawa. Kwangu mimi, uzito wa kazi hii uko hapo: huyu ni mtu aliyekwisha kuambiwa hana ugonjwa, akarudi nyumbani anakohoa kando ya watoto.

Panya buku wengine wa APOPO hunusa mabomu ya ardhini ili watu wayategue. Panya Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi hiyo Kambodia na mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Uzito wao mdogo haulipui bomu.