Uvuvi wa trauti kwa nzi bandia

Uvuvi wa trauti kwa nzi bandia ni namna ya kuvua samaki wa maji baridi kwa kutumia fimbo, mshipi na ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Hufanyika hasa kama mchezo, katika mito ya milimani na katika maziwa, yakiwemo machache yaliyo jangwani. Katika Afrika ya Mashariki unajulikana zaidi kwenye Mlima Kenya na milima ya Aberdare nchini Kenya.

Samaki mwenyewe

Trauti ni wa familia ya Salmonidae, pamoja na samoni. Asili yake ni nusu ya kaskazini ya dunia. Barani Afrika trauti wa asili wako katika milima ya Atlas tu, huko kaskazini. Kinachoamua mahali pa kuishi trauti ni baridi ya maji kuliko kitu kingine chochote. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi: lita moja ya maji yenye nyuzi 10 za sentigredi, kwenye usawa wa bahari, huweza kushika miligramu 11 hivi za oksijeni, lakini yakifika nyuzi 30 hushika 7.5 tu. Trauti hustawi kati ya nyuzi 10 na 16. Maji yakipita 20 huanza kutaabika, na yakikaribia 25 wengi hufa. Ndiyo maana mabwawa ya Handeni na Mto Pangani unapopita Korogwe ni makazi ya perege na kambare. Vifaranga vya trauti vikimwagwa humo haviwezi kudumu.

Nzi na fimbo

Katika uvuvi wa kawaida wa mshipi, uzito wa chambo au wa kipande cha risasi ndio unaoupeleka mshipi mbali. Nzi bandia ni mwepesi kama unyoya, hawezi kuvuta kitu. Kwa hiyo mshipi wenyewe hutengenezwa mnene na mzito kiasi, na mvuvi huurusha kwa fimbo ndefu inayopindika, mbele na nyuma, mfano wa mchungaji anayepiga mjeledi. Mwishoni huunganishwa uzi mwembamba usioonekana kwa urahisi majini, na ndoana huwa kwenye ncha ya uzi huo. Trauti huwinda kwa macho, hivyo ukubwa wa nzi, rangi yake na jinsi anavyotembea majini vina maana kubwa. Wapo nzi wa kuelea, wa kuzama kama lava, na wengine huiga samaki wadogo.

Wengi hawajui kwamba nzi hao hufungwa kwa wingi nchini Kenya. Kazi hiyo ya mikono ilianza zama za ukoloni, na bidhaa zake huuzwa Ulaya na Marekani. Samaki aliyevuliwa upande wa pili wa dunia huenda amenaswa na manyoya ya kuku yaliyofungwa na fundi wa Kenya.

Ziwa Pyramid

Ziwa mashuhuri la jangwani lenye trauti ni Pyramid, katika jimbo la Nevada, Marekani. Liko ndani ya eneo la Wapaiute, wenyeji wa asili, na vibali vya kuvua hutolewa na kabila hilo. Msimu huanza Oktoba na kumalizika Juni, kwa kuwa majira ya joto samaki hushuka kilindini. Wavuvi wengi hubeba ngazi, huisimamisha majini karibu na ufuko na kurusha mshipi wakiwa juu yake, ili wafike mahali ambapo ziwa huanza kuwa na kina.

Mwaka 1925 John Skimmerhorn, Mpaiute, alivua hapo trauti wa kilo 18.6. Wakati huo samaki hao walikuwa tayari wanapungua. Bwawa la Derby, lililomalizika mwaka 1905, lilikuwa likiyageuza maji ya Mto Truckee kwenda mashambani. Kina cha ziwa kilishuka, trauti hawakuweza tena kupanda mto kutaga mayai, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wametoweka ziwani. Wapaiute walipoteza chakula na biashara kwa pamoja. Baadaye trauti wa ukoo uleule waligunduliwa katika kijito kidogo cha mlima wa Pilot Peak, mpakani mwa Nevada na Utah, na mwaka 2006 uzao wao ukaanza kurudishwa ziwani.

Mbona Turkana hakuna?

Ziwa Turkana linafanana na Pyramid kwa mengi. Yote mawili yako nchi kame, hayana mto wa kutoka, maji yake yana magadi, na kila moja hulishwa hasa na mto mmoja. Kwa Turkana mto huo ni Omo. Tofauti ni joto. Maji ya juu ya Turkana huwa na nyuzi 27 hadi 31, na hata kilindini hayapoi vya kutosha. Samaki wakubwa wa huko ni sangara. Hata hivyo suala la mto mmoja linayahusu maziwa yote mawili: juu ya Omo, nchini Ethiopia, lipo bwawa la umeme la Gibe III, lililozinduliwa mwaka 2016, na chini yake yako mashamba ya miwa yanayomwagiliwa kwa maji hayohayo.

Trauti wa milimani

Mwaka uleule wa 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti kutoka Uskoti na kuwapandikiza katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Baadaye walipelekwa pia Mlima Kenya, Kilimanjaro na kwingineko. Waliletwa kwa burudani ya walowezi, si kwa chakula cha wananchi, na kwa kuwa ni samaki wala nyama, viumbe wadogo wa vijito hivyo walipata adui mpya. Leo wapo pia katika maziwa ya Mlima Kenya kama Rutundu na Alice, yaliyo juu ya mita 3,000, na kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri huzalisha vifaranga.

Hatari yao sasa inafanana na ile ya Mto Truckee. Upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya maji ya vijito yanayokwenda Ewaso Ng'iro huchukuliwa kwa umwagiliaji, na wakati wa kiangazi baadhi ya mito hukaribia kukauka sehemu za chini. Mto ukipungua maji hupata joto upesi, na trauti hubaki sehemu za juu tu, karibu na msitu.