Mpigaji anapogeuzwa kuwa seta: Somo gumu katika voliboli ya shule

KILA mwaka, shule nyingi za upili zinazoenzi voliboli hukumbwa na pengo ambalo kocha aliliona likija lakini hakulitafutia dawa mapema. Seta aliyeiendesha timu kwa miaka miwili au mitatu amefanya mtihani wake wa mwisho na kuondoka. Wapigaji wapo, tena warefu na wenye mikono mizito, ila hakuna wa kuwaandalia mpira. Hapo ndipo mpigaji mmoja huitwa kando na kuarifiwa kwamba kuanzia jioni hiyo yeye ndiye seta.

Katika ukanda wa barabara itokayo Webuye kuelekea Kitale, pengo kama hilo huwa ghali mno. Shule ya Upili ya Wasichana ya Lugulu, katika Kaunti ya Bungoma, ni miongoni mwa majina makubwa katika historia ya voliboli ya shule nchini Kenya, na imewahi kutawazwa bingwa wa kitaifa. Katika eneo la Magharibi kuna pia Mukumu na Malava, shule za Kaunti ya Kakamega ambazo nazo zimelea vipaji kwa miaka mingi. Kwa ushindani wa aina hiyo, timu isiyo na seta wa kutegemewa inaweza kufunga virago kabla hata ya kunusa mashindano ya kitaifa, wanakokutana na wenzao wa Trans Nzoia wanaopitia eneo la Bonde la Ufa.

Wengi hudhani kuwa usetaji ni kazi ya vidole. Vidole vina sehemu yake, lakini mpigaji anayebadilishwa hushindwa kwanza na miguu. Alizoea kurudi nyuma, kuusubiri mpira upande juu, kisha kukimbia na kuruka. Sasa anatakiwa afanye kinyume chake: afike chini ya mpira kabla mpira haujafika, asimame, na autoe akiwa ametulia. Anayefika amechelewa huusukuma mpira huku mwili ukiendelea kwenda, na hapo mikono miwili haiugusi kwa pamoja. Refa hupuliza kipyenga kwa miguso miwili, na alama huenda kwa wapinzani.

Baada ya miguu ni macho. Mpigaji huruhusiwa kuutazama mpira peke yake. Seta hana anasa hiyo. Kabla mpira wa kwanza haujamfikia, anapaswa kuwa ameiba jicho upande wa pili wa wavu kuona ni mzuiaji gani mfupi, nani amesogea katikati mapema, na ni mpigaji gani wa kwake aliye tayari. Haya yote hutokea ndani ya muda mfupi kuliko wa kuyasoma maneno haya.

Kisha kuna mzunguko, ambao ndio huwatoa jasho wanaoanza. Wachezaji sita huzunguka kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa kila timu inapojishindia haki ya kuanzisha mpira. Seta huyo mmoja, basi, huanzia pahali sita tofauti, lakini kila mara lazima amalizie karibu na wavu, upande wa kulia wa katikati. Timu inayopokea inapaswa kuwa imesimama kwa mpangilio halali kabla ya mpira kuanzishwa. Seta anayekimbilia wavuni mapema huipotezea timu alama bila mtu yeyote kuugusa mpira. Aidha, anapokuwa katika safu ya nyuma, haruhusiwi kuzuia wavuni, wala kuupeleka kwa wapinzani mpira ulio juu kabisa ya wavu akiwa ndani ya mstari wa mita tatu. Kwa mtu aliyekuwa akiruka na kupiga atakavyo, sheria hii huuma.

Hata hivyo, mpigaji wa zamani haji mikono mitupu. Anajua mpira gani humkera mshambuliaji: ule unaobana wavu mno, au unaoshuka kabla hatua ya mwisho haijakanyagwa. Vilevile, akiwa safu ya mbele anaweza kuupiga mguso wa pili wapinzani wakiwa wanasubiri wa tatu. Mmarekani Karch Kiraly, aliyekuwa akiseta na kupiga katika Chuo Kikuu cha UCLA, alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 jijini Los Angeles akiwa mpigaji wa pembeni na mpokeaji hodari. Kujua kazi mbili kulimfaidi.

Mazoezi yenyewe hayahitaji gharama. Ukuta wa darasa unatosha kwa vidole, na makocha wengine hutumia mpira wa kikapu, ulio mzito zaidi, kuimarisha viganja. Jambo linalosahauliwa ni upepo. Viwanja vingi vya shule za mashambani viko nje, hivyo mpira wa juu sana huyumba. Seta mgeni afadhali aanze na mipira ya chini kidogo, hata kama itakosa madaha.

Suala hili halikomei shuleni. Msichana mrefu huwekwa katikati ya wavu tangu anapojiunga na shule, na anapofika safu ya nyuma hutolewa, nafasi yake ikachukuliwa na libero, mchezaji wa ulinzi aliyeingizwa katika sheria za kimataifa mwaka 1998. Kwa hivyo hajifunzi kupokea. Akihitimu na kugonga milango ya klabu zinazoajiri wachezaji, kama Kenya Pipeline, KCB au Magereza, hugundua kuwa urefu wake si ajabu tena, na hana kazi ya pili ya kuonyesha. Malkia Strikers walitwaa taji lao la kumi la Afrika mwaka 2023, lakini katika Olimpiki za Tokyo (2021) na Paris (2024) hawakushinda hata seti moja. Dhidi ya mataifa yenye wazuiaji warefu zaidi, mapokezi duni humnyima seta nafasi ya kuchagua, na uchaguzi ndio silaha ya timu fupi.

Mfumo mpya wa elimu unazidi kubana muda. Sekondari ya juu, Gredi ya 10 hadi 12, ni miaka mitatu badala ya minne ya zamani. Kocha anayesubiri hadi seta wake aondoke ndipo ageuze mpigaji, atatumia mwaka mzima kumfundisha, na kubaki naye kwa msimu mmoja au miwili tu.