JUU YA NINI TUNAKIMBIA HESABU?



Kila mwisho wa mwaka wadogo wetu wa kalasi ya nane wanapashwa kuchagua seksio watakayoendelea nayo. Ukimwuliza mmoja wao: "Utaenda wapi?" mara mingi hakuambii kwamba anapenda kazi fulani. Anajibu hivi: "Mi naenda kule hakuna hesabu mingi." Angalieni vizuri jibu hilo. Huyu hakuchagua njia, anakimbia tu. Na mtu anayekimbia haangalii kule anakoenda. Anafikiri paka kile kinachomfukuza.

Jambo hili si dogo. Anayefunga mlango wa hesabu akiwa na miaka kumi na mine, anafunga pamoja nao mlango wa udaktari, wa agronomia, wa umeme, wa kujenga madaraja. Tena hata kule anakokimbilia, hesabu inamngojea. Wengine wanakwenda pedagojia ili waiepuke, kisha wanakuwa waalimu wa shule ya msingi, na kazi yao ya kila asubuhi ni kufundisha hesabu! Mwalimu anayeogopa fraksio atawafundisha watoto hamsini kuziogopa vile vile. Ndivyo woga unavyorithiwa toka mkubwa mpaka mdogo.

Basi tuchunguze maneno matatu yanayosemwa sana katika uwanja wa shule, tuone kama yana ukweli.

1. "HESABU NI KITU YA WAZUNGU"

Katika mwaka 1950, Mbelgiji mmoja aliyejifunza habari za mawe na udongo, Jean de Heinzelin, alikuwa akichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, katika Kivu yetu ya Kaskazini. Alipata mfupa mdogo, urefu wake karibu sentimeta 10, wenye alama nyingi zilizokatwa kwa mkono wa mtu. Wenye elimu wanakadiria kwamba mfupa huo una miaka 20 000 hivi. Leo unalindwa Bruxelles.

Alama hizo zimepangwa katika mistari mitatu. Katika mstari mmoja kuna vikundi vya alama 11, 13, 17 na 19. Jumla yake ni 60. Katika mstari wa pili: 11, 21, 19 na 9. Jumla tena ni 60. Katika wa tatu: 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, kisha 5 na 7. Hapo jumla ni 48. Tazameni: 6 ni 3 mara mbili, 8 ni 4 mara mbili, 10 ni 5 mara mbili. Je, aliyekata alama hizo alikuwa akihesabu siku za mwezi? Alikuwa akicheza na namba? Wenye elimu hawajapatana mpaka leo, na sisi hatutasema kupita wao. Lakini jambo moja liko wazi: mtu aliyeishi kwa maji yale yale tunayovua samaki leo alipanga alama zake kwa uangalifu.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, msafiri wa Hungaria, Emil Torday, alifika Kasai kwa watu wa Kuba. Alikuta watoto wa Bushoong wakicheza katika mchanga. Walikuwa wakichora mapambo kwa kidole, kwa mstari mmoja tu, bila kuinua kidole na bila kupita mara mbili juu ya mstari uleule. Walimwomba mgeni ajaribu naye. Alishindwa, na watoto wakafurahi sana! Ndugu zetu Wachokwe nao, huko Angola na kusini ya nchi yetu, wana michoro ya mchanga inayoitwa sona, ambayo wazee waliichora wakitoa hadizi. Paulus Gerdes, mwalimu wa hesabu wa Msumbiji aliyekufa mwaka 2014, aliandika vitabu vingi juu ya hesabu iliyofichwa ndani ya michoro hiyo.

Tujaribu wenyewe. Twaa biki na karatasi. Chora kare, kisha mistari miwili inayotoka pembe kwa pembe na kukatana katikati, kama mgongo wa bahasha iliyofungwa. Sasa ujaribu kuifuata yote bila kuinua biki na bila kurudia mstari. Utahangaika bure. Kisha ongeza paa juu ya kare hiyo, mistari miwili inayokutana kama paa la nyumba. Sasa umeongeza kazi, lakini, ajabu, inawezekana! Sharti uanze katika pembe moja ya chini, na utamalizia katika pembe ya chini ya upande mwingine.

Sababu yake ni nini? Kila mara biki inapopita katika nukta, inaingia kwa njia moja na kutoka kwa nyingine. Njia zinatumika mbili mbili. Kwa hiyo nukta ambayo njia zake ni 3 au 5, ni kusema namba ambayo ukiigawanya kwa mbili inabaki moja, haiwezi kuwa ya kupitia tu. Inapashwa kuwa mahali pa kuanza ao mahali pa kumaliza. Na mwanzo ni mmoja, mwisho ni mmoja. Basi nukta za namna hiyo zikipita mbili, kazi haiwezekani. Katika bahasha, pembe zote nne zina njia 3 kila moja. Ukiongeza paa, pembe mbili za juu zinapata njia 4, zinabaki paka mbili za chini.

Umeelewa? Basi umefanya hesabu ya kweli, na hakuna fomula uliyoshika kwa kichwa. Uliuliza "juu ya nini?" ukapata jibu.

2. "MIYE SIKO NA AKILI YA HESABU"

Neno hili ndilo linaloharibu wengi. Watu wanafikiri kwamba akili ya hesabu ni kama urefu wa mwili: uko nayo ao huko nayo. Lakini tuangalie kijana asiyeweza kazi hii: theluthi ya x, ukiongeza robo ya x, ni 7. Anasema: "Mi sijui ekwasio." Si kweli. Kinachomshinda ni kujumlisha theluthi na robo, somo la shule ya msingi. Ukimwonyesha kwamba theluthi ni 4 juu ya 12, na robo ni 3 juu ya 12, anaona mara moja kwamba 7 juu ya 12 ya x ni 7, na x ni 12. Akili hakukosa. Alikosa tofali moja chini ya ukuta, na toka siku ile anajenga juu ya shimo.

Tena kuna wale wanaoshika bila kuelewa. Wangapi kati yetu, katika interro, wanaandika kwamba kare ya 10 na 3 pamoja ni 100 na 9? Usishike fomula kwanza. Waza shamba lenye mita 13 kila upande. Kipande cha 10 kwa 10 ni 100. Kipande cha 3 kwa 3 katika pembe ni 9. Lakini kunabaki vipande viwili virefu, kila kimoja 10 kwa 3, ni kusema 30 na 30. Jumla 169. Yule aliyeandika 109 amepoteza mita kare 60 za shamba la baba yake! Ukiisha kuona shamba hilo, fomula haitakutoka tena.

Na wadada, msikubali neno linalosema kwamba hesabu ni ya wanaume. Katika mwaka 2014, Maryam Mirzakhani wa Irani alipata Medali ya Fields, moja ya heshima kubwa kupita zote katika hesabu, na alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata. Alipokuwa mtoto alitaka kuwa mwandishi wa vitabu. Mwaka mmoja wa shule hakufanya vizuri katika hesabu, mwalimu wake hakumwona kuwa na kipaji, naye akakata tamaa. Mwaka uliofuata alipata mwalimu aliyemtia moyo, akaendelea. Kama angesikiliza ule mwaka mmoja, dunia isingemjua.

3. "ITANISAIDIA MU NINI?"

Swali hili ni zuri, na anayeuliza asigombezwe. Tujibu kwa soko. Mwuzishaji ana kitambaa cha franga 10 000. Anapandisha bei kwa 20 kwa mia. Kisha wanunuzi wanakataa, naye anasema: "Basi, ninapunguza 20 kwa mia, turudi pale pale." Je, anarudi pale pale? Hapana. Bei ilipanda mpaka 12 000; 20 kwa mia ya 12 000 ni 2 400; inabaki 9 600. Amepoteza franga 400 kwa kila kitambaa, na hajui namna gani zilivyotoka. Mtu asiyejua hesabu anaibiwa mara mbili: na wengine, na yeye mwenyewe.

Lakini kuko faida nyingine isiyo ya makuta. Katika mambo mengi, mkubwa akisema, mdogo ananyamaza. Katika hesabu, mdogo akionyesha sababu, mkubwa mwenyewe anakubali, na hakuna heshima iliyovunjika. Mwenye kuzoea kuuliza sababu katika kaye yake hatadanganywa mbio katika mambo mengine.

TUFANYE NAMNA GANI?

Kwanza: tafuta tofali lililokosekana. Rudi katika kaye za miaka iliyopita mpaka pale ulipopotea. Si haya, haya ni kuendelea bila kuelewa.

Pili: fanya kazi moja peke yako kila siku, hata kama ni ndogo, mbele ya kuangalia ya rafiki. Anayenakili devuare anapata pwe za siku moja na woga wa mwaka mzima. Furaha ya hesabu haiji kwa kuambiwa "upende hesabu". Inakuja siku ile jibu linatoka kwa mkono wako mwenyewe.

Tatu: fundisha mwenzako. Ukishindwa kumweleza, ujue haujaelewa bado.

Ine: kosa lisifutwe mbio. Liangalie, uulize: "Nilipotoka njia wapi?"

Na kwenu waalimu wetu, tunasema kwa heshima. Tunajua kalasi zimejaa, na programu ni ndefu. Lakini tunawaomba mambo mawili. Mwanafunzi akikosa mbele ya tablo, msiruhusu kalasi imcheke, kwa kuwa aliyechekwa leo hatasimama kesho. Na fomula mpya ikija, mtuonyeshe shamba lake mbele ya kutupa fomula yenyewe, hata kwa dakika tano. Dakika hizo hazipotei.

SWALI KWA WASOMAJI

Zamani katika mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad katika Urusi, kulikuwa madaraja saba. Mto uligawanya mji sehemu ine: kisiwa kimoja chenye madaraja 5, na sehemu tatu nyingine zenye madaraja 3 kila moja. Watu walijiuliza: je, mtu anaweza kutembea akivuka madaraja yote saba, kila moja mara moja tu? Katika miaka ya 1730 Leonhard Euler, mtu wa Uswisi, alipata jibu, naye hakuhitaji kwenda kutembea kule. Aliwaza kama tulivyowaza hapa juu ya bahasha.

Sasa ni zamu yenu. Leteni majibu yenu kwa kamati ya gazeti mbele ya siku ya Ijumaa. Lakini tafadhali, msiandike "ndiyo" ao "hapana" peke yake. Tunataka sababu.

Mwanafunzi mmoja wa kalasi ya mwisho