Magazeti ya Wanaume na Kipimo cha Mwili wa Kijana

Kiswahili kina maneno mengi ya kumsifu au kumdhihaki mwanamume kwa umbo lake. Mwenye kifua kipana na mabega yaliyojaa husemwa kuwa ni wa miraba minne. Aliye mkubwa kupita kiasi huitwa pandikizi la mtu. Mwembamba huitwa kimbaombao, au hufananishwa na ng'onda. Maneno haya humtazama mtu kwa jumla, kama nyumba ionekanavyo kwa mbali, na hayaulizi mzunguko wa mkono wake ni inchi ngapi. Desturi ya kumtazama mtu kwa sehemu sehemu, kila sehemu na kipimo chake, ina historia yake, na fungu kubwa la historia hiyo limo katika magazeti ya wanaume ya Uingereza na Marekani.

Eugen Sandow, mzaliwa wa Prussia aliyejipatia sifa kwa kuonyesha nguvu zake jukwaani, alianzisha gazeti lake mjini London mwaka 1898. Ndani yake mlikuwamo picha za wanaume wenye misuli, maagizo ya mazoezi, na matangazo ya vyombo alivyoviuza mwenyewe. Alitangaza pia mashindano ya umbo bora, ambayo yalimalizika katika Royal Albert Hall tarehe 14 Septemba 1901. Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za upelelezi, alikuwa mmoja wa waamuzi. Kipeo cha Sandow kilikuwa sanamu za kale za Wayunani, hata karani akaaye kitini mchana kutwa akaalikwa kujilinganisha na jiwe lililochongwa. Mwaka 1899 Bernarr Macfadden alianzisha gazeti la namna hiyo New York, na wito wake ulikuwa kwamba udhaifu ni jinai. Mwanafunzi wa lugha na alitazame neno hilo. Wembamba, ambao watu waliuhesabu kuwa maumbile tu, umetiwa katika daraja moja na wizi.

Mashindano ya Macfadden ya mwaka 1921 ndiyo yaliyomtoa Angelo Siciliano, mhamiaji kutoka Italia, ambaye dunia yamjua kwa jina la Charles Atlas. Tangazo la mafunzo yake lilikuwa hadithi ya picha: kijana wa ratili 97 arushiwa mchanga ufuoni mbele ya msichana wake, aagiza mafunzo kwa posta, kisha arudi kumpiga aliyemdhili. Lilichapishwa kwa miaka mingi katika vitabu vya katuni vya wavulana. Hadithi yaanza kwa fedheha, na kwa mfanyabiashara hilo lilikuwa la lazima, maana aliyeridhika na mwili wake hanunui kitu.

Jambo zito zaidi lilitukia baadaye. Bob Hoffman, mwenye kiwanda cha vyuma vya mazoezi katika mji wa York, Pennsylvania, alikuwa akitoa gazeti liitwalo Strength & Health tangu mwaka 1932. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 gazeti hilo lilisifu njia mpya ya kujenga nguvu, yaani kusukuma au kuvuta kwa sekunde chache chuma kisichosogea, na kiwanda kikauza fremu za kufanyia zoezi hilo. Wanyanyua uzito wa York walikuwa wakiendelea kwa namna ya kustaajabisha. Wasomaji hawakuambiwa kwamba baadhi yao walikuwa wakimeza Dianabol, dawa ya jamii ya homoni za kiume iliyotolewa na kampuni ya Ciba mwaka 1958, nao waliipata kwa daktari John Ziegler. Kijana aliyenunua fremu na kufuata maagizo yote, asipate mwili ule, hakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake. Picha ilikuwa ya kweli, na mwili ulikuwapo; uongo ulikaa katika maelezo yaliyoandikwa chini ya picha. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye madhara makubwa kuliko uzuri wowote wa picha.

Mwaka 2000 Harrison Pope na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya vijana wa kiume wa Austria, Ufaransa na Marekani. Kwa wastani, mwili walioutamani ulizidi wao kwa kilo 13 hivi za misuli. Walidhani pia kwamba wanawake huupenda mwili kama huo, lakini wanawake walioulizwa walichagua mwili wa kawaida. Si haki kuyatwika magazeti lawama yote: filamu zimo, na huenda kijana mwenye wasiwasi ndiye ayatafutaye magazeti hayo kwanza.

Mwaka 1997 Pope na wenzake walikuwa wameeleza ugonjwa wa mtu mwenye misuli mikubwa ajionaye mdogo na dhaifu, na mwaka 2013 ukaingizwa katika mwongozo wa maradhi ya akili wa Marekani. Atakayeutafutia jina la Kiswahili yafaa asilijenge juu ya neno misuli, kwa kuwa misuli mgonjwa anayo tele. Kasoro imo katika jicho ajitazamalo. Kujiona ng'onda kungekaribia zaidi.